UZIO WA WAVU AU UZIO WA STARA: MWANACHAMA ACHAGUE UPI?

Kila msimu wa mauzo unapomalizika na malipo ya mazao kumfikia mkulima, fedha hizo huwa na wadai wengi. Kuna ada za watoto, kuna pembejeo za msimu ujao, kuna bati la nyumba na kuna marejesho ya mkopo. Miongoni mwa wadai hao yumo sasa mmoja ambaye zamani hakuhesabiwa sana vijijini, naye ni uzio wa nyumba. Miji imepanuka hadi mashambani, mashamba yamegawanywa kwa watoto na wajukuu, na njia ya miguu iliyopita mbali na nyumba sasa hupita chini ya dirisha. Kwa hiyo wanachama wengi huuliza: je, nizungushe wavu wa waya, au nijenge ukuta unaoziba kabisa?

Swali hili si la urembo. Uzio hauzai kahawa wala pamba. Fedha inayouingia hairudi kwa njia ya mavuno, na mkopo uliochukuliwa kwa ajili yake hulipwa kwa jasho la shamba. Mtu akichagua vibaya, huenda akabaki na ukuta uliofika kiunoni, watoto waliorudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na deni katika chama. Makala haya yanakusudia kuwasaidia wanachama, na vilevile kamati za vyama vya msingi zinazofikiria kuzungushia maghala, wapime jambo hili kwa hesabu kabla ya kuanza kuchimba.

KAZI TATU ZA UZIO

Yafaa kwanza tujiulize uzio ni wa kazi gani. Kazi zake ni tatu.

Kazi ya kwanza ni kuonyesha mpaka. Hapa uzio ni maneno tu: unasema “hapa ni kwangu, pale ni kwako”. Wazee wetu waliifanya kazi hii bila waya wala tofali. Wachagga walipanda masale, na Wahaya walipanda mlamula, na mmea huo mwembamba uliheshimiwa kuliko ukuta mrefu.

Kazi ya pili ni kuzuia. Uzio humzuia mbuzi wa jirani asile mboga, humzuia mtoto asikimbilie barabarani, na humchelewesha mwizi. Tumesema humchelewesha, kwa sababu hakuna uzio wa nyumba ya kawaida unaomshinda mwizi aliyekusudia.

Kazi ya tatu ni kusitiri. Mwambao wa Afrika Mashariki unaijua kazi hii tangu zamani. Nyumba ya Kiswahili ina uani, mahali pa kupikia, kufulia na kupumzikia, palipozungukwa na ua wa makuti au kitalu cha mawe, ili watu wa nyumbani, hasa akina mama, wasitazamwe na wapita njia. Katika nchi za milimani migomba ndiyo iliyoifanya kazi hiyo: nyumba ilikaa katikati ya kihamba na haikuonekana mpaka mgeni amefika mlangoni. Migomba inapokatwa ili kupata viwanja, stara huondoka nayo.

Wavu wa waya hufanya kazi ya kwanza na ya pili, lakini hauwezi ya tatu. Ukuta hufanya zote tatu, ila kwa gharama kubwa na kwa madhara fulani yatakayoelezwa. Mwanachama anayetaka kazi mbili tu asilipie tatu. Naye anayehitaji stara kweli asijidanganye kwamba wavu utampa.

WAVU WA WAYA NA UBORA WAKE

Wavu wa waya ni ufundi wa karne ya 19. Mwaka 1844 Charles Barnard wa mji wa Norwich, Uingereza, aliunda mashine ya kusuka waya kwa kufuata mfano wa mitambo ya kufumia nguo. Miaka michache kabla ya hapo, yaani mwaka 1837, Stanislas Sorel wa Ufaransa alikuwa amepata hataza ya njia ya kukinga chuma kwa kukipaka zinki. Mambo hayo mawili, kusuka na kupaka zinki, ndiyo hadi leo yanayoamua kama wavu utadumu au utaoza.

Zinki hailindi chuma kwa kukifunika tu. Hata pale ilipokwaruzika, zinki huanza kuliwa na kutu kabla ya chuma chenyewe, kama mlinzi anayepigwa badala ya bwana wake. Lakini mlinzi huyo ana mwisho. Tabaka la zinki likiwa nene hudumu miaka mingi. Likiwa jembamba huisha mapema. Karibu na bahari, ambako hewa hubeba chumvi, huisha haraka zaidi. Mwanachama wa Tanga, Lindi au Mtwara asitarajie umri ule ule wa wavu anaoutarajia ndugu yake wa Mbinga au Karagwe.

Jambo la pili ni unene wa waya, ambao wauzaji huutaja kwa geji. Hapa wengi hukosea, maana namba ya geji ikipanda, unene hushuka. Geji 10 ina unene wa milimita 3.25 hivi, geji 12 milimita 2.64, na geji 14 milimita 2 tu. Tofauti hiyo huonekana ndogo machoni, lakini katika mizani ni kubwa: kwa wavu wenye matundu sawa, pale ambapo geji 14 ina kilo 10 za chuma, geji 12 ina karibu kilo 17. Waya mwembamba hukatwa kwa koleo dogo, hupindwa na mbuzi anayejikuna, na zinki yake ikiisha hukatika baada ya muda mfupi.

Jambo la tatu ni ukubwa wa tundu. Matundu ya milimita 50, yaani inchi 2, ndiyo yafaayo nyumbani. Tundu la milimita 75 hupunguza chuma kwa theluthi moja, na kwa hiyo bei hushuka, lakini mguu wa mtu hupata mahali pa kukanyaga na mbwa mdogo hupita bila taabu. Vifaranga hupita katika yote mawili. Anayefuga kuku aweke wavu mwembamba wa kuku kwa chini.

Wavu peke yake hausimami. Nguvu ya uzio huu imo katika nguzo, hasa za pembeni. Nguzo za kati zaweza kuachana kwa mita 2.5 hadi 3. Nguzo za pembeni na za geti ziwe nene zaidi, na kila moja iwe na mhimili wa mshazari wa kuikinga isivutwe, kwa sababu wavu ukikazwa huzivuta usiku na mchana. Kwa uzio wenye kimo cha mita 1.8, shimo la nguzo liwe na kina cha sentimita 60. Nyaya tatu za kukazia, moja juu, moja katikati na moja chini, zipitishwe kwanza, ndipo wavu ufungwe juu yake. Uzio usiokuwa na nyaya hizo hulegea kabla ya masika mawili kupita.

UKUTA NA AINA NYINGINE ZA KUZIBA

Uzio wa stara una sura nyingi. Upo ukuta wa matofali ya saruji, upo wa matofali ya kuchoma, upo wa mawe, upo wa mabati juu ya fremu, na upo ua wa makuti au matete. Wote una sifa moja: jicho halipiti. Una pia sifa ya pili ambayo hutajwa mara chache: upepo haupiti, wala maji hayapiti.

Upepo unapokutana na wavu hupita katikati yake. Unapokutana na ukuta huusukuma kwa upana wake wote. Ndiyo maana ukuta mrefu wa tofali la inchi 6 uliojengwa moja kwa moja bila nguzo za kuushikilia ni hatari kwa mtoto anayecheza chini yake. Nguzo za zege zenye nondo, zilizoshikana na msingi, ziwekwe kila baada ya mita 3 hivi, na juu upite mkanda wa zege. Mafundi wengine huviacha vitu hivi ili kupunguza gharama, na mwenye nyumba hufurahi mpaka siku ya dhoruba.

Maji nayo yana haki yake ya njia. Kiwanja kilicho kwenye mteremko hupokea maji ya jirani wa juu na kuyapitisha kwa jirani wa chini. Ukuta ukikata njia hiyo bila kuacha matundu ya kupitishia maji chini, maji hujaa upande wa juu, huulowesha msingi, na mwisho huangusha ukuta au kumfurika jirani. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilitufundisha kwamba maji hayasomi ramani ya kiwanja.

Udongo nao utazamwe. Katika ardhi yenye udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, msingi mfupi wa ukuta hunyanyuliwa na kushushwa kila mwaka mpaka nyufa zitokee. Huko wavu una faida ya wazi: nguzo moja ikiegama hunyooshwa kwa kazi ya siku moja, lakini ukuta uliopasuka toka juu hadi chini haunyooshwi. Usemi wa “usipoziba ufa utajenga ukuta” hautoshi mahali ambapo ufa hurudi kila kiangazi. Hapo dawa ni kutojenga ukuta mzito tangu mwanzo, au kujenga juu ya msingi uliopimwa na fundi anayeujua udongo huo.

HESABU YA KIWANJA KIMOJA

Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30. Mzunguko wake ni mita 100. Tukiacha mita 3 za geti, hubaki mita 97. Kimo cha uzio kiwe mita 1.8.

Kwa uzio wa wavu zitahitajika:
– wavu wa mita 97;
– nguzo 40 hivi, zikiachana kwa mita 2.5, pamoja na mihimili ya pembeni;
– waya wa kukazia mita 291, yaani mistari mitatu, pamoja na wa akiba;
– zege la mashimo 40 yenye upana wa sentimita 30 kila upande na kina cha sentimita 60, yapata mita za ujazo 2. Kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, hiyo ni mifuko 13 hivi ya saruji ya kilo 50.

Kwa ukuta wa matofali ya saruji ya inchi 6 zitahitajika:
– matofali. Eneo la ukuta ni mita za mraba 175 hivi. Tofali la kawaida lenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 23 huingia mara 9 katika mita moja ya mraba. Kwa hiyo ni matofali 1,575, na ukiongeza yanayovunjika ni kama 1,650, bila kuhesabu yanayozama ndani ya msingi;
– zege la msingi. Ukiwa na upana wa sentimita 45 na unene wa sentimita 15 ni mita za ujazo 6.5, ambazo kwa mchanganyiko wa moja, tatu na sita hula yapata mifuko 29 ya saruji;
– saruji ya kujengea, nguzo zenye nondo, mkanda wa juu, na lipu kwa anayetaka;
– ujira wa mafundi kwa majuma kadhaa, ambapo wavu huchukua siku chache tu.

Bei hazitajwi hapa kwa kuwa hutofautiana kati ya Bukoba na Songea, na kati ya mwezi na mwezi. Mwanachama achukue orodha hizi mbili, aende dukani na kwa fundi, aandike bei ya kila kitu mbele yake, kisha ajumlishe. Mali bila daftari huisha bila habari. Hakuna haja ya kubashiri jambo linaloweza kuhesabiwa jioni moja.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba uzio wa wavu waweza kujengwa kwa vipande na kila kipande kikafanya kazi. Mwaka huu upande wa barabara, mwaka ujao upande wa shamba. Nguzo zake waweza kuzimwaga mwenyewe nyumbani. Ukuta ulioachwa nusu hauzuii wala hausitiri, na mvua huanza kuula kabla haujaisha.

JE, UKUTA UNA USALAMA ZAIDI?

Wengi huchagua ukuta kwa hofu ya wezi. Hofu hiyo ni ya haki, lakini jibu si jepesi kama linavyoonekana.

Ukuta una faida moja ya kweli: unaficha mali. Mwenye pikipiki, pampu ya maji au magunia ya kahawa nyuma ya wavu humwonyesha kila mpita njia alicho nacho. Mwizi hachunguzi sana mahali asipopaona.

Lakini ukuta huo huo humficha mwizi. Akishauruka, yuko chumbani mwake; anaweza kuvunja dirisha taratibu, na jirani aliye hatua kumi asione lolote. Nyuma ya wavu hana mahali pa kujificha: mlinzi humwona, jirani humwona, na taa moja hutosha kumulika kiwanja chote. Mbunifu wa majengo wa Marekani, Oscar Newman, katika kitabu chake cha mwaka 1972 kuhusu makazi ya mijini, alieleza hoja hii kwa urefu: mahali ambapo wakazi hupaona na kupahesabu kuwa ni pao huwa na uhalifu mdogo kuliko mahali palipofichika.

Kwetu hoja hii si ngeni. Sungusungu, waliotokea Unyamwezini na Usukumani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili kukabiliana na wizi wa ng’ombe, walitegemea kanuni nyepesi: yowe likipigwa kila mtu atoke. Kijiji chote kilikuwa macho ya kila boma. Mtaa wa kuta ndefu hupoteza macho hayo. Kila mwenye nyumba hujifungia na kubaki na macho yake mawili tu, nayo hulala usiku.

Basi kanuni yaweza kuwa hii. Anayeishi mahali penye majirani wanaojuana na kuitikiana, wavu humlinda vizuri kuliko ukuta. Anayeishi kando ya barabara kuu au sokoni, ambako wapita njia hawajulikani, upande ule wa barabara wafaa kuzibwa, na pande nyingine ziachwe ziendelee kuonekana na majirani.

MPAKA NA JIRANI

Ugomvi mwingi wa uzio hautokani na waya wala tofali, bali na mahali ulipowekwa. Kabla ya shimo la kwanza, mwanachama amwite jirani yake, watazame mpaka pamoja, na wawepo mashahidi. Katika kijiji awepo mjumbe wa halmashauri ya kijiji. Katika kiwanja kilichopimwa zitafutwe alama za mpaka, yaani bikoni. Kung’oa au kusogeza bikoni ni kosa la jinai, hata kama fundi ndiye aliyefanya.

Ikiwa ardhi ni ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila inayotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ni kinga bora kuliko ukuta. Uzio uliojengwa juu ya mpaka wenye ubishi haumalizi ubishi, huuongezea gharama. Mabishano yakitokea yapelekwe kwanza katika Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Uangalifu wa pekee uwekwe kwa wajane na yatima. Mara nyingi uzio wa ghafla wa shemeji au baba mdogo ndio mwanzo wa kuwamega ardhi yao, na kamati ya chama inayotoa mkopo wa kazi kama hiyo yapaswa kuuliza mpaka ni wa nani.

Barabara nazo zina hifadhi yake. Kwa mujibu wa Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu na za mkoa ni mita 60, yaani mita 30 kila upande toka katikati. Aliyejenga ndani ya eneo hilo baada ya sheria asitarajie fidia. Kandokando ya mito na maziwa, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 ziachwe bila shughuli za kudumu. Wavu uliofungwa mahali pasipostahili huhamishwa ukatumika kwingine. Ukuta huvunjwa na kuwa kifusi. Kwa mijini, mwanachama aulize kwanza ofisi ya halmashauri kuhusu kibali cha ujenzi na kimo kinachoruhusiwa.

NJIA YA KATI: WAVU NA MITI

Watu hudhani lazima wachague moja kati ya mbili, na hali ipo njia ya tatu, ambayo kwa wakulima wengi ndiyo bora. Nayo ni kufunga wavu leo, kisha kupanda miti ya uzio kwa ndani.

Wavu hufanya kazi ya kuzuia tangu siku ya kwanza. Michongoma ikipandwa katika mistari miwili, miche ikiachana kwa sentimita 30, yatosha miche 650 hivi kwa kiwanja chetu cha mfano. Miche hiyo waweza kuikuza mwenyewe kitaluni kwa gharama ndogo. Baada ya miaka miwili hadi mitatu, kwa kutegemea mvua na matunzo, ua huanza kuziba. Wavu utakapochakaa, miti itakuwa imeshika kazi yote: inaonyesha mpaka, inazuia, inasitiri, na hakuna mwizi anayependa kuvuka miiba.

Yako masharti machache. Miti ipandwe nusu mita au zaidi ndani ya mpaka, ili jirani asibebeshwe matawi. Ikatwe mara mbili kwa mwaka, wakati ingali changa ikatwe zaidi, ili itoe matawi ya chini. Ua usiokatwa huwa mrefu juu na mtupu chini. Minyaa hukua upesi na huvumilia ukame, lakini utomvu wake ni hatari kwa macho. Anayeikata avae kitu cha kukinga macho, na isipandwe penye watoto wadogo.

Wapo wanaotafuta stara ya haraka kwa kufunga turubai au mabati juu ya wavu. Jambo hili lisifanywe bila kuongeza nguzo. Uzio uliokadiriwa kupitisha upepo, ukifunikwa, hugeuka tanga la jahazi lisilo na baharia, na upepo wa kwanza mkali hung’oa nguzo zote.

Njia nyingine ya kati ni kugawa pande. Mahali pa kuogea, jikoni na pa kuanikia nguo pazibwe kwa ukuta mfupi au ua wa makuti au matete wa mita chache tu, na kiwanja kilichobaki kizungushiwe wavu. Familia hupata stara ilipo haja, bila kulipia stara ya migomba na kuku. Ikumbukwe tu kwamba makuti na matete hushika moto. Yakae mbali na meko na na paa la nyumba.

KWA KAMATI ZA VYAMA VYA MSINGI

Kuhusu maghala ya mazao na ofisi za vyama, maoni yetu yako wazi zaidi: wavu wa geji 10 au 12, na si ukuta. Ghala halina haja ya stara. Mali ya chama ni mali ya wanachama wote, na inafaa kila mwanachama apitaye aone kama mlango umefungwa, kama mlinzi yupo, na kama kuna lori linalopakia saa isiyo ya kazi. Ukuta mrefu kuzunguka ghala huweza kumficha mwizi wa nje, na huweza pia kumficha mwizi wa ndani. Tena, kahawa iliyo kwenye vichanja huhitaji hewa inayopita ili ikauke sawasawa. Ukuta ulio karibu huizuia.

Katika ununuzi, kamati zizingatie yafuatayo:

1. Mahitaji ya wanachama yakusanywe na kununuliwa kwa pamoja. Wanachama 20 wenye viwanja kama kile cha mfano huhitaji karibu kilometa 2 za wavu, na kwa kiasi hicho chama huzungumza na muuzaji kwa nguvu ambayo mtu mmoja hana.

2. Zipatikane bei za wauzaji wasiopungua watatu kwa maandishi, zikitaja geji, ukubwa wa tundu, kimo na urefu wa kila roli.

3. Mzigo ukifika, usipokelewe kwa macho. Roli moja ifunguliwe na kupimwa kwa futi kamba. Unene wa waya upimwe kwa kipimo cha fundi. Roli kadhaa zipimwe kwa mizani ya chama. Roli za namba moja zinazotofautiana uzito sana zina maelezo ya kutoa.

4. Chama chenye vijana wasio na kazi kichunguze mashine ya mkono ya kusuka wavu. Waya hununuliwa kwa mafungu, vijana husuka hapo hapo, na ujira hubaki kijijini. Lakini mradi uanze baada ya kuhesabu mahitaji, si kabla.

5. Mkopo wowote wa kazi hii uwe ndani ya ukomo wa madeni ulioidhinishwa na mkutano mkuu, na usiingilie fedha za pembejeo.

MWISHO

Kwa kifupi, ndugu mwanachama, kabla hujachagua jibu maswali manne. Je, kazi unayoitaka ni kuonyesha mpaka, kuzuia, au kusitiri? Je, mpaka umekubaliwa na jirani mbele ya mashahidi? Je, udongo, mteremko na upepo wa mahali pako vinaruhusu ukuta? Na je, hesabu yote, toka nguzo ya kwanza hadi bawaba ya geti, inaingia katika fedha iliyobaki baada ya ada na pembejeo?

Ikiwa majibu yanaelekea kwenye wavu, usione haya kwamba jirani amejenga ukuta. Ikiwa yanaelekea kwenye ukuta, ujenge kwa nguzo, nondo na matundu ya maji, au subiri msimu mwingine. Na ikiwa huna hakika, anza na wavu na miche ya michongoma mwanzoni mwa mvua. Wavu waweza kufunguliwa na kuhamishwa, na mti waweza kukatwa, lakini tofali lililokwisha kujengwa halirudi kuwa fedha.